Nishikie Koti

Siku ile mpumbavu nilikuwa mimi. Nalisema mapema ili msomaji asipoteze muda kumtafuta. Habari hii ina watu watatu tu, na wale wawili wengine wana akili zao.

Ilikuwa Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya umuganda, kazi ya pamoja ya mtaa, siku ambayo mji mzima wa Gisenyi hushika jembe kabla ya kushika kitu kingine chochote. Maduka yamefungwa, pikipiki zimelala. Sisi wa Nengo ya juu, huku kwenye vyumba vya kupanga na siyo kule kwenye majumba yenye mageti, tulipangiwa mfereji wa maji ya mvua uliokuwa umejaa mchanga, chupa, na kiatu kimoja cha mtoto. Asubuhi kulikuwa na baridi ile ya ziwani inayopanda kilima polepole na kumwingia mtu shingoni. Lakini baada ya nusu saa ya kutupa mchanga watu walianza kuvua. Mama Uwera, aliyekuwa mbele yangu, alichomeka koleo lake, akavua koti lake la ngozi, akalikung'uta, akanikabidhi.

"Jado, nishikie koti."

Maneno mawili. Mtoto wa chekechea angeyaweza.

Mama Uwera, ambaye kwenye kitambulisho ni Nyirahabimana, anakaribia miaka sitini. Ni mfupi, mpana, na sauti yake inaweza kuita mtu aliye Goma wakati yeye mwenyewe bado hajavuka mpaka. Kila siku isipokuwa Jumapili huvusha kabichi na karoti za Nyakiriba, na kila siku huvaa koti lile. Lilikuwa la kiume, jeusi la zamani, limepauka hapa na pale mpaka kuwa rangi ya chai ya maziwa. Lilimfika mapajani. Mikono aliikunja mara mbili. Mimi ni motari, mtu wa pikipiki ya abiria; nimempakia yeye na vikapu vyake miaka saba, na kwa miaka saba sikuwahi kuliacha koti lile lipumzike.

"Mama, hilo koti ulimnyang'anya askari gani?"

"Askari mukubwa," angenijibu. "Ule mudogo alikimbia."

"Mama, hili linamtafuta mwenyewe. Mwenyewe yuko wapi?"

"Mwenyewe alitangulia mbele. Washa pikipiki, jua inapanda."

Nami ningecheka mpaka kwenye kizuizi cha mpakani. Nilijua limetoka chaguwa, kwenye marundo ya nguo kuukuu, kama makoti ya watu wote. Sikuuliza. Ninayetania huwa siulizi. Ndiyo hasara ya kazi hii.

Utani ndio mali niliyobaki nayo. Nilizaliwa ukimbizini, nikakulia Karagwe, ndiyo maana hapa wanasema Kiswahili changu ni cha redio. Nimeuza mayai yakapinduka yote siku moja. Nimeshirikiana biashara na mtu aliyenifundisha kwamba mshirika anaweza kuondoka na duka akakuachia kufuli. Wanasema asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Mimi mama alinifunza vizuri sana, na ulimwengu nao ukaja kurudia somo, ukiwa na fimbo. Kila ulipomaliza kunichapa nilitoa mzaha mmoja, ili nao uone kwamba bado niko.

Isipokuwa mara moja. Miaka miwili iliyopita nilikuwa nateremka kutoka Nyakiriba, mvua inanyesha, gunia la karoti nyuma yangu. Kwenye kona gurudumu likateleza. Pikipiki ikaenda njia yake na mimi yangu, na mguu wangu wa kulia ukaenda njia ya tatu. Mtu wa kwanza kunifikia alikuwa Mama Uwera, aliyekuwa anapanda kwa miguu na kikapu cha kabichi kichwani. Alikitua. Kabichi zikaanza kubingirika mteremkoni, na watu, kama mnavyowajua watu, wakazifuata kabichi. Yeye hakuzitazama. Alivua koti lile akanifunika, akaketi kwenye lami yenye maji, akaweka kichwa changu mapajani mwake, akaanza kunitukana.

Alinitukana dakika arobaini, mpaka gari la wagonjwa lilipofika. Mjinga, mulevi wa upepo, mutu anaendesha kama mbuzi imeona chui. Alipoona macho yangu yanafumba alipandisha sauti na kugusa ukoo wangu. Baadaye daktari aliniambia kwamba aliyenizuia nisilale alinisaidia sana. Hospitalini walipouliza ndugu wa mgonjwa ni nani, alisema "mimi ni mama yake," akatia sahihi, na kwa wiki saba aliniletea uji kwenye chupa ya chai.

Basi tangu siku hiyo nilitaka kumshukuru. Mnafikiri ni rahisi? Nilifungua kinywa mara ishirini, na kila mara kilichotoka ni mzaha. Kinywa kilichozoea njia moja hakijui kukata kona. Mwishowe nikaamua: litasema koti. Nitamshonea koti jipya la ngozi, zuri kuliko lile, na koti litamwambia yote ambayo mimi nashindwa.

Tatizo likawa kipimo. Nilitaka iwe ghafla, asijue. Siku moja nilijaribu kumkumbatia ili nipime mgongo kwa mikono yangu. Akanishika paji la uso, akauliza, "Jado, uko na homa?"

Kwa hiyo mnaelewa jinsi nilivyojisikia pale mferejini, koti lenyewe likiwa mikononi mwangu. Baada ya kazi kuna mkutano wa mtaa, na mkuu wa mtaa wetu hajawahi kumaliza mkutano kabla ya saa sita. Siku ile alianza na suala la nani ametupa chupa. Nikajua nina saa nzima na zaidi. Nikalikunja koti chini ya jile, kizibao changu cha kazi, nikasukuma pikipiki mpaka pale ambapo haitasikika, nikawasha.

Karakana ya Mudathiru iko nyuma ya barabara ya soko, mlango wa buluu; mtaa wao hauna mkuu wa hotuba ndefu, alikuwa ameshafungua. Ukiingia unapokelewa na harufu kwanza, ya ngozi, nta na chai ya tangawizi, ndipo unamwona yeye. Ngozi zimening'inia darini kama popo waliokunjuliwa: za mbuzi, laini, za mikono na bitana za kola, za ng'ombe, nzito, za mgongo na mabega. Mezani kuna mkasi ambao hakuna anayeruhusiwa kuugusa. Babu yake alinunua ngozi, baba yake, mzee Hakimu, akaanza kuzishona, na Mudathiru amekaa kwenye kiti kilekile cha baba yake kwa miaka ishirini. Ni mtu wa kanzu fupi na maneno mafupi. Yeye ukimtania anafikiri kwanza, anakujibu kesho.

"Fundi!" nikamwambia. "Bado unaua mbuzi mara ya pili?"

"Karibu, Jado. Kaa."

"Sina muda wa kukaa. Nataka koti kama hili. Jipya, kwa ngozi ile nyeusi pale juu. La Mama Uwera, asijue. Chukua kipimo upesi, nimrudishie kabla mkutano haujaisha."

Akalipokea kwa mikono miwili. Akaligeuza, akapitisha kidole gumba kwenye mshono wa bega, akasita.

"Koti ya ngozi ikivaliwa miaka mingi, kwa nje inasema uongo," alisema. "Inavutika, inafuata mutu. Kipimo ya kweli iko ndani ya mushono. Mi nikitaka kipimo, nafungua."

Alisema hivyo. Kwa sauti, polepole, mchana kweupe. Na mimi, ambaye tayari nilikuwa naona mwanamke na gunia lake akinipungia mkono nje, nilimjibu nini?

"Fungua, fundi, fungua! Ukimaliza fungua na mpaka, tupite bila foleni!"

Nikacheka mwenyewe, nikatoka.

Yule mwanamke alikuwa anakwenda Nyakiriba. Ni mbali, lakini Jumamosi ya umuganda abiria wa kwanza hakataliwi. Kufika, akasema ngoja nikupe maharage yaliyoiva, hujala. Kweli sikuwa nimekula. Nikala. Yalikuwa na mawese. Nikaongeza. Niliporudi kwenye mlango wa buluu saa sita ilikuwa imeshapita, na koti halikuwepo.

Au tuseme lilikuwepo, kama vile ng'ombe yupo buchani. Mgongo ulilala mezani, umekunjuliwa. Mbele ya kulia huku, mbele ya kushoto kule. Kola peke yake. Bitana imekunjwa kama shuka. Mikono miwili imelala sambamba kama watu waliokosana. Na Mudathiru ameinama juu yake na wembe na miwani, uso wake una furaha ambayo sijawahi kuiona.

Nilitafuta mzaha. Sikuupata. Mara ya pili maishani.

"Fundi," nikasema. "Umefanya nini?"

"Nilikuambia nafungua."

"Nilidhani unafungua vifungo!"

"Iko na zipu," akasema, na hakuwa anatania. "Jado, kuja uone. We unajua hii koti ilikuwa ya nani?"

"Ya Mama Uwera. Ya chaguwa."

"Hapana." Akachukua mkono wa kushoto, akaugeuza kwenye mwanga wa mlangoni. "Angalia kiwiko. Ya kulia ni nyeusi bado. Ya kushoto imekula jua mpaka imekufa rangi. Nani anachoma kiwiko ya kushoto peke yake? Shoferi. Anaweka mukono kwenye dirisha ya voiture, miaka na miaka. Huyu mutu alikuwa shoferi."

Nilijua kwamba marehemu mume wa Mama Uwera aliitwa Valentin. Nilijua aliendesha malori. Hayo yote niliyajua miaka saba, kila moja na chumba chake kichwani mwangu, na sikuwahi kufungua mlango kati yao. *Mwenyewe alitangulia mbele.* Nami nacheka mpaka mpakani.

"Na hii hapa," Mudathiru aliendelea. Ndani ya kola, mahali ambapo hakuna jicho lingefika bila kufungua, palikuwa na mishono mitatu midogo iliyopishana kwa uzi mwekundu. "Hii ni mukono ya baba. Alama yake. Mi nilitaka kupima tu mikono na mugongo, nifunge. Nikaona hii, nikashindwa kusimama. Samahani, Jado. Nilifungua mpaka mwisho."

Akanionyesha kingine: jinsi mkono ulivyopachikwa begani, umeinamia mbele, na pindo dogo nyuma yake lisiloonekana. Baba yake alifariki ghafla, kabla ya kumwonyesha pindo lile, na kwa miaka ishirini Mudathiru alikuwa amelitafuta bila kulipata. "Mi nashonea watu wamesimama," alisema. "Baba alikuwa anashonea mutu amekaa, anashika usukani. Sasa ndiyo naona."

Nilimsikia kwa sikio moja. La pili lilikuwa barabarani, na barabarani niliisikia sauti inayovuka mipaka.

"Jado iko wapi? Motari mwenye kucheka ovyo, mumemuona?"

Na wenzangu wa kijiweni, Mungu awabariki kwa namna yao, wakamwonyesha mlango.

Aliingia na koleo begani. Akanitazama mimi, akamtazama fundi, akatazama meza. Nilijikaza. Mtu ambaye kwa kuteleza kwangu tu alinitukana dakika arobaini, leo angefika mpaka usiku.

Aliegemeza koleo ukutani polepole, akasogea, akaokota mkono wa kushoto. Akaingiza mkono wake ndani yake, peke yake hivyo, bila koti. Akaukunja. Kiwiko chake hakikufika kwenye kiwiko kile kilichopauka. Kile cha koti kilikuwa chini zaidi, mahali pa mtu mrefu.

"Hapa," alisema. "Alikuwa anaweka hapa. Nilikuwa namuambia, Valentin, utaunguza koti. Anasema, koti ni ya kuungua, si mi."

Hapo ndipo nilipojua kwamba sauti ya chini ya mwenye maneno mengi inauma kuliko matusi. Nilianza kueleza. Nilieleza vibaya: kipimo, zawadi, mkutano, maharage. Nilipofika kwenye maharage akainua kiganja.

"We unyamaze. Leo we unyamaze kabisa." Akamgeukia Mudathiru. "Fundi. Mi sina picha yake amevaa. Sina barua yake, hakuwa mutu wa barua. Iko hii tu. Miaka kumi na moja tangu azikwe, mi naivaa hii. Niambie kweli: imekufa?"

Mudathiru alivua miwani, akaifuta kwa pindo la kanzu. Nilitamani ajibu upesi, lakini huyu ni mtu wa kesho.

"Maman," akasema mwishowe, "kitambaa ikifunguliwa inasahau. Unaipiga pasi, tundu zinajifunga. Ngozi haisahau. Pale sindano ilipita mara moja, tundu inabaki mpaka dunia iishe. Ndiyo sababu mafundi wengi wanaiogopa: ukikosea, kosa inakaa. Lakini baba yangu hakukosea." Akainua mgongo wa koti dhidi ya mwanga, na ukingoni, kama nyota zilizopangwa kwa rula, matundu yakaonekana, moja baada ya moja. "Zote ziko hapa. Sitatia kwenye mashini. Nitashona na mukono, ndani ya tundu zilezile. Sindano yangu itapita pale yake ilipita. Sitatoboa hata mupya moja."

Mama Uwera alisogeza jicho. Kisha akaweka ukucha mahali fulani chini ya kwapa, ambapo matundu yalikuwa makubwa, yamepinda kama njia ya mbuzi.

"Na hizi? Hizi ni zangu. Ilichanika, nikashona na uzi ya magunia."

"Hizo pia. Nikiruka moja, unipige na hiyo koleo."

"Na utie ya magunia palepale. Usinitilie uzi muzuri."

"Ya magunia," fundi akakubali kwa heshima, kama mtu aliyeagizwa hariri.

Nikatumwa sokoni kununua uzi wa magunia. Nilikimbia, mimi mwenye mguu wa vyuma, na kurudi nikapewa kigoda na donge la nta: kazi yangu ilikuwa kuvuta kila uzi kwenye nta mara tatu kabla ya kuingia kwenye sindano. Mama Uwera alikaa mkabala na meza, mikono kifuani, kama mtu anayesimamia mizigo yake forodhani. Mudathiru alianza na bega la kulia.

Hivyo ndivyo mchana ule ulivyokwenda. Sindano ilikuwa inaingia bila sauti, kwa sababu haikuwa inatoboa. Ilikuwa inarudi nyumbani. Fundi alisimama mara mbili tu kwa ajili ya swala, akarudi, akakaa. Nje motari wenzangu walikuwa wanapiga honi kunikejeli, na mimi sikuwa na ruhusa ya kujibu. Mtu asiyenijua hawezi kujua ukubwa wa adhabu hiyo.

Lakini nawaambia, ukimfunga mtu kinywa, yaliyo chini yake hupanda. Kwenye uzi wa thelathini hivi, bila kuinua macho kwenye nta, nilisikia sauti yangu.

"Mama. Ile siku ya mvua, kule kwenye kona. Ulikaa kwenye maji. Ulinifunika hili. Nilikuwa naona giza linakuja, na wewe ulikuwa unapiga kelele, na mimi nikasema moyoni, ngoja kwanza nimsikie atamalizia wapi. Ndiyo maana niko hapa. Asante."

Lilitoka. Bila mzaha hata mmoja pembeni yake. Mudathiru alisimamisha sindano hewani.

Mama Uwera alinigeukia.

"Siku gani?"

"Mama!"

"Aa, ile." Akatazama pembeni, akafuta jicho kwa kiganja chenye udongo wa mfereji. "Uliniharibia kabichi kumi na mbili, mubwa we."

Nilijua kwamba tumepatana. Nyie mngeijua sauti yake mngejua pia.

Baada ya hapo akaanza kusimulia. Valentin aliagiza koti lile hapa hapa, kwa mzee Hakimu, wiki aliyozaliwa binti yao Uwera. Alikuwa anapeleka lori Kampala, na usiku wa milimani ni baridi. Mzee Hakimu alimkalisha kwenye kiti, akampa sinia la chai alishike kama usukani, ndipo akampima. Mudathiru aliposikia hayo aliweka sindano mezani.

"Sinia?"

"Sinia. Mi nilikuwepo, nimebeba mutoto. Nilicheka sana."

"Miaka ishirini," Mudathiru alisema taratibu, "mi najiuliza alipimaje." Akanigeukia, na macho yake yalikuwa yamelowa. "Jado, ungekuwa na akili leo, mi nisingejua hii mpaka kufa. Asante sana kwa ujinga yako."

Nimeshukuriwa kwa mambo machache maishani. Hilo nalitunza.

Saa kumi na moja jua lilikuwa linaelekea upande wa ziwa, na koti likasimama. Lilikuwa lilelile, na kiwiko kilekile kilichokufa rangi, na njia ya mbuzi chini ya kwapa kwa uzi wa magunia. Ndani ya kola, mishono mitatu myekundu imerudi, na pembeni yake, kwa ruhusa ya mwenyewe, Mudathiru alikuwa ameacha mmoja wa kwake, mdogo. Hilo ndilo tundu jipya pekee, na aliliomba kabla ya kulitoboa. Mama Uwera alivaa. Akakunja mikono mara mbili. Akainusa kola, akafumba macho, akafumbua.

"Iko yeye," alisema.

Ningekuwa mwerevu ningenyamaza hapo. Lakini nilikuwa nimeshatoa asante yangu, nikajiona shujaa, nikataka kumaliza nilichokianza.

"Sasa, fundi, kipimo unacho kwenye karatasi. Mshonee Mama lile jipya."

Mudathiru alikuna ndevu. "Kipimo ninayo. Lakini, Jado, kipimo ni ya nani?"

"Ya koti la Mama."

"Ya Valentin," alisema Mama Uwera. Alijitazama, mapaja, mikunjo ya mikono, akaanza kutikisika mabega, na kicheko kikamtoka ambacho nadhani kilisikika Goma. "Yampayinka! Donc ungeniletea koti mupya, ya ngozi mupya, nikunje mikono mara mbili tena!"

Sikuwa nimeliwaza hilo. Naapa sikuwa nimeliwaza.

"Basi akupime wewe mwenyewe, hapa hapa, sasa siyo siri tena."

"Mi nina koti."

"La pili!"

"Nina mugongo moja." Akanizunguka, akanishika mabega kwa nyuma kama anayekagua gunia, akapima urefu wangu kwa jicho. "Fundi, huyu na Valentin si wako sawa?"

"Karibu sawa," alisema Mudathiru, na tayari alikuwa anavuta sinia la chai kutoka chini ya meza, uso wake umewaka. "Na anaendesha amekaa, mikono mbele. Bon! Mi natafuta mutu wa kumushonea ile mukono ya baba, naye iko hapa mbele yangu anapaka nta."

"Hapana! Hapana jamani," nikasema. "Mimi ndiye ninayeshukuru hapa. Mtu haji kutoa zawadi akaondoka amevishwa!"

"We unaendesha mvuani na hiyo jile inaonyesha mbavu," Mama Uwera alisema. "Siku utaanguka tena mi sitavua. Unasikia? Hii haitoki mugongo yangu tena kwa sababu yako. Mushonee, fundi."

"Mama, ngozi hiyo nimeichagua kwa ajili yako!"

"Mutoto anachagua, mama anagawa."

"Lakini nilitaka nikufanyie kitu! Kitu kikubwa! Wewe ulinipa uhai, mimi nikushukuru na nini sasa? Niambie basi, Mama, nikufanyie nini?"

Alikuwa ameshachukua koleo lake na kufika mlangoni. Mudathiru alinikalisha kwenye kiti cha baba yake, akanishikisha sinia kama usukani, nami nikabaki hivyo, mikono mbele, kinywa wazi, nikingoja jibu. Mama Uwera alifunga zipu mpaka kidevuni, akageuka.

"Siku nikikuambia nishikie koti," alisema, "shika koti."